Vidole vya Namba Kumi na Moja

Sehemu ya tisa

Haya, punguzeni kelele, najua wiki nzima mmenisema. Mama mmoja alimpigia simu mhariri kulalamika kwamba mimi sina huruma, eti nimemwacha Kinyozi amesimama ofisini siku saba bila kiti. Mama, kiti kipo. Alikataa mwenyewe kukaa.

Tulifika wapi? Mama Fomu, mratibu wa Makao ya Wazee, alikuwa ameshika karatasi iliyotoka polisi. Karatasi ina muhuri mwekundu. Na jina lililoandikwa juu yake ni la Kinyozi, huyu huyu anayewanyoa wazee wetu kila Jumamosi kwa kujitolea, miaka miwili bila kukosa.

"Kinyozi," alisema Mama Fomu, "una rekodi."

Kabla Kinyozi hajameza mate, mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Msishtuke, ni Shangazi tu, dada wa baba yake Kinyozi, anayejitolea jikoni pale Makao. Aliingia na mwiko mkononi, uji unadondoka sakafuni.

"Nani ana rekodi?"

"Shangazi, ulikuwa unasikiliza mlangoni?"

"Mimi nisikilize mlangoni? Nilikuwa napita. Nimepita mara nne!"

Mama Fomu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Shangazi alimshinda tangu siku ya kwanza. Fomu ya kujitolea ina swali linalosema: taja majina mengine unayojulikana nayo. Watu huandika moja, wengine hawaandiki kitu. Shangazi aliomba karatasi ya ziada, akaandika majina kumi na manne, pamoja na yale majirani wanayomwita akishapita.

"Kaa basi," Mama Fomu akamwambia. "Hili ni jambo zito."

Na kweli lilikuwa zito, msimcheke mama wa watu. Miezi sita iliyopita alikuja pale bwana mmoja nadhifu, akasema anajitolea kupima wazee macho. Hakuna aliyemuuliza karatasi. Akampa bibi mmoja fomu ya miwani, akamshika kidole gumba, akakigandamiza kwenye wino. Haikuwa fomu ya miwani. Ilikuwa hati ya kuuza kiwanja. Kiwanja kimeondoka, bwana kaondoka, na bibi mpaka leo anauliza miwani yake itakuja lini.

Tangu siku hiyo Mama Fomu akala kiapo. Hapana mtu atakayemgusa mzee, hata kwa kumfunga vifungo vya shati, bila hati ya polisi, alama za vidole, na wadhamini wawili wasio ndugu. Watu wakamnunia, wakambandika hilo jina la Mama Fomu. Akalipokea. Hata kwenye kikombe chake cha chai limeandikwa.

Sasa turudi kwa Kinyozi, maana jasho linamtoka mpaka soksi zimelowa.

"Mama," alisema, "nitasema mwenyewe. Usisome. Bora niseme mwenyewe."

"Sema."

"Nilikuwa kijana. Ndiyo kwanza najifunza kunyoa. Akaja mkuu wa kituo cha polisi, anataka kupunguzwa masharubu. Nikapiga chafya."

"Ehe?"

"Upande mmoja ukaondoka. Nikaona aibu, nikasema nisawazishe. Na upande wa pili ukaondoka. Na kesho yake alikuwa na gwaride."

Mama Fomu aliinamisha uso kwenye karatasi. Mabega yalikuwa yanamtikisika kidogo.

"Akaniweka ndani. Akasema nitatoka masharubu yakiota."

"Ulikaa siku ngapi?"

"Nne. Kila asubuhi alikuwa anakuja mahabusu kunionyesha mdomo."

Shangazi alipiga mwiko mezani. "Kumbe! Na mimi niliwaambia watu umekwenda harusini! Nikasema hata ubwabwa mmekula!"

"Kinyozi," Mama Fomu alisema alipopata sauti yake, "hayo ya masharubu hayamo humu."

"Hayamo?"

"Hayamo kabisa. Umejitoboa bure."

Kinyozi alitaka ardhi ipasuke immeze. Lakini hata hilo hakuachwa alifanye kwa nafasi, maana mlango uligongwa taratibu, ngo ngo ngo, kwa adabu, na kichwa kikachungulia.

Mnamjua. Ni Bwana Tabasamu, mwenzao wa kujitolea, yule mwenye meno kama anauza dawa ya meno. Anawasomea wazee magazeti, anawasukuma kwenye jua, anawaita wote "mama yangu" na "baba yangu". Wazee wa kike wakimsikia kwenye korido wanatafuta vitana.

"Samahani mama, naona mna kazi. Ile fomu yangu ya kumtoa mzee nje ya geti, apunge hewa kidogo."

"Iweke hapa," alisema Mama Fomu, jicho halijatoka kwenye karatasi yenye muhuri. Akachukua kalamu, akaweka saini. Bwana Tabasamu aliikunja fomu, akamtazama Kinyozi, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Pole, ndugu yangu. Sote ni wakosefu." Akatoka, na mlango akaufunga bila hata kusikika.

"Unaona?" Shangazi alimwambia mpwa wake. "Huyo ndiye mtu. Wewe unanyoa mapolisi."

Mama Fomu alikohoa, akaanza kusoma. Alisoma polepole, kama mtu anayevuka mtaro kwa ubao mmoja.

"Alama za vidole zilizowasilishwa zinalingana na za mtu aliyehukumiwa miaka saba iliyopita. Kosa, kughushi hati na kumlaghai mjane wa miaka themanini na moja, na kuuza nyumba yake bila yeye kujua. Kifungo, miaka mitatu."

Hata mwiko wa Shangazi uliacha kudondosha uji.

"Si mimi," alisema Kinyozi. Sauti ilikuwa ndogo.

"Vidole havisemi uongo."

"Mama, haki ya Mungu, si mimi!"

"Miaka saba iliyopita," Shangazi alidakia, "huyu alikuwa ananyoa vichwa vya mtaa mzima kila siku, asubuhi mpaka jioni. Hiyo miaka mitatu alikwenda kufungwa saa ngapi? Saa ya chakula cha mchana?"

"Shangazi, wewe ni ndugu. Ushahidi wa ndugu hauhesabiki. Kifungu cha tatu."

"Kifungu cha tatu kimenilea mtoto huyu? Mimi ndiye niliyemlea!"

Mama Fomu alikunja karatasi. Ukweli ni kwamba macho yalikuwa mekundu, hata kama yeye mwenyewe angekataa. "Kinyozi, kuanzia dakika hii huruhusiwi kupita mapokezi. Vifaa vyako utaletewa. Ukitaka kumwona mzee yeyote, utakaa kwenye benchi la wageni, na yeye akipenda atatoka."

Hapo, msomaji, kile kiti mlichonigombeza nacho wiki nzima Kinyozi akakikalia.

Kama umeanza kutusoma leo, ngoja nikueleze kwa nini. Chumba namba tano cha Makao analala Mzee Saa. Alikuwa fundi saa, mkono wake ulikuwa unashika skrubu ambayo wewe na mimi hatuioni. Ndiye baba yake Kinyozi. Akili ilianza kumkimbia taratibu. Akasahau majirani, akasahau njia ya dukani, mwisho akamsahau na mwanawe wa pekee. Kinyozi alipokwenda kumtembelea kama mtoto, alifukuzwa kwa fimbo, mzee anapiga kelele za mwizi. Alipokwenda Jumamosi na mkoba na wembe, mzee aliinua kidevu mwenyewe, akafumba macho.

Basi Kinyozi akaacha kuwa mtoto, akawa kinyozi. Kila Jumamosi ananyoa kidevu cha baba yake, anamwita mzee, na baba yake anamwita fundi. Wanaongea saa nzima. Hiyo ndiyo nusu mkate aliyonayo, na anashukuru. Na Mzee Saa hajawahi kutoka chumbani kwa ajili ya mgeni. Akimpoteza pale, amempoteza.

"Mama Fomu," alisema, machozi yanamlenga, "ninyime vyote. Wazee wengine watafutie kinyozi. Lakini namba tano niachie."

"Ningekuwa na njia—"

"Njia ipo!" Shangazi alisimama. "Kinyozi hajinyoi, mimi nitamsemea. Wewe si una kidau cha wino hapo cha mihuri? Si umesema vidole havisemi uongo? Mpake tena! Mbele yetu! Tuvilinganishe na hivyo vya polisi!"

Mama Fomu alifungua mdomo kutafuta kifungu kinachokataza. Hakukiona. Akavuta kidau.

Kinyozi alichovya kidole gumba, akakigandamiza kwenye karatasi nyeupe. Wakaviweka viwili bega kwa bega, nakala iliyobanwa nyuma ya karatasi ya polisi na hiki kibichi. Vichwa vitatu vikainama mpaka vikagongana.

Mtoto mchanga angeona. Kidole cha Kinyozi kilikuwa miduara midogo midogo, kama kitunguu kilichokatwa. Kile cha polisi kilikuwa kimepinda upande, na katikati yake kovu limekatiza kutoka juu mpaka chini.

"Haya mwenye kifungu cha tatu!" Shangazi alipiga vigelegele mpaka jikoni wakaitikia bila kujua wanaitikia nini. "Kovu liko wapi? Nionyeshe kovu!"

Mama Fomu alimshika Kinyozi mkono, akaugeuza, akautazama huku na huku. Hakuna kovu. Kinyozi alicheka. Shangazi alicheka. Mama Fomu naye, kwa mara ya kwanza tangu sehemu ya pili ya hadithi hii, alionyesha meno.

Kisha akaacha.

"Ngoja. Kama hivi si vyako, vya nani? Na vilifikaje kwenye fomu yako?"

Kicheko cha Kinyozi kilimkauka mdomoni. Jibu alikuwa nalo, msomaji. Alikuwa nalo tangu aliposikia neno vidole, alilikalia tu, akiomba lisimtoke. Maana ukutani nyuma ya Mama Fomu kulikuwa na masharti yamebandikwa kwa gundi, na sharti la tisa lilikuwa limepigiwa mstari: atakayedanganya katika uchunguzi wake au wa mwenzake, hatakanyaga Makao maisha yake yote.

Shangazi alimwona anavyobadilika rangi. Shangazi si mjinga. Alimkanyaga mguu chini ya meza.

"Karani wa vidole kachanganya makaratasi," alisema haraka. "Yule kijana mwenyewe alikuwa anasinzia. Siku ile nilimpa chai akaitia chumvi."

Mama Fomu alifikiri. "Inawezekana."

"Inawezekana? Ndivyo ilivyo!"

"Basi nitaandika barua, wachukue upya. Kinyozi, nisamehe. Nilikuhukumu kabla ya wakati." Akamimina chai kwenye kile kikombe chake mwenyewe, akamsogezea. Wafanyakazi wa miaka kumi pale hawajawahi kukigusa.

Mnaona? Yamekwisha! Anyamaze tu, anywe chai, Jumamosi arudi namba tano na wembe wake. Mimi ningenyamaza. Na wewe ungenyamaza, usijifanye.

"Laiti wote wangekuwa kama Bwana Tabasamu," Mama Fomu aliendelea, anapanga mafaili. "Karatasi yake imerudi nyeupe pee, hakuna hata doa. Ndiyo maana nimempa ruhusa ya kutoka na wazee nje. Ni yeye peke yake mwenye ruhusa hiyo."

Chai ilimpalia Kinyozi. Alikohoa, Shangazi akampiga mgongoni kwa mwiko.

"Nini?"

"Hakuna kitu!" alisema Shangazi. "Chai ya moto!"

"Nyeupe pee?" Kinyozi aliuliza, macho yamemtoka. "Fomu ya Bwana Tabasamu imerudi nyeupe?"

"Kama maziwa."

Kinyozi aliweka kikombe chini. Alitazama sharti la tisa. Alitazama mlango. Shangazi alimkanyaga tena, safari hii kwa kisigino, lakini Kinyozi alikuwa ameshapiga moyo konde.

"Mama, vile vyeupe ni vyangu."

"Vyeupe vipi?"

"Vidole. Vilivyo kwenye fomu ya Bwana Tabasamu ni vyangu mimi."

"We mtoto!" Shangazi alijishika kichwa. "We mtoto umelogwa!"

Hapa lazima niwaeleze jambo moja kuhusu Makao, msije mkadhani hawa watu ni mapunguani. Pale hakuna anayepanga foleni mpaka mwisho. Uko kwenye foleni ya dawa, bibi anaita choo, unampa mwenzako kikombe, unakimbia, na yeye anakuchukulia dawa. Uko kwenye foleni ya sahani, mzee ameanguka, unakimbia, mwenzako anakupakulia. Hata daftari la mahudhurio wanasainiana. Wanaiita kushikiana, na kama si kushikiana, nusu ya wazee wale wangelala na njaa.

Sasa siku ya vidole, karani wa polisi aliweka meza bwaloni, akagawa vibao vya namba. Kinyozi alikuwa kumi na moja. Bwana Tabasamu kumi na mbili. Karani alikuwa anaita namba, hainui macho. Yeye anajua vidole, hajui sura.

"Walipofika namba tisa," alisema Kinyozi, "Mzee Saa akaanza kuita. Nilikuwa nimemwacha na povu upande mmoja wa shavu. Akawa anaita fundi, fundi, nikakimbia. Bwana Tabasamu akaniambia lete kibao, nitakushikia. Kidole kimoja hakivunji chawa, ndivyo alivyoniambia."

"Na akaweka vidole vyake kwenye fomu yako."

"Nilivyorudi akasema nimeshakumalizia. Sasa na wewe nimalizie yangu, nampeleka bibi mmoja kwenye jua. Nikachukua kibao chake. Karani akaita kumi na mbili. Nikapaka wino."

"Na hukuona ni vibaya?"

"Mama, nilidhani ni kama kusaini mahudhurio! Nilidhani wanahesabu tu vidole kama vimetimia!"

Mama Fomu hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alishika kingo za meza kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo aliyemlaghai yule mjane..."

"Ana kovu kwenye dole gumba," Kinyozi alimalizia. "Nimeshaliona. Akifungua gazeti huwa analificha ndani ya ukurasa. Sharti la tisa nalijua, mama. Nifukuze. Lakini kwanza niambie, ile fomu uliyosaini sasa hivi ilikuwa ya kumtoa nani?"

Mama Fomu alitazama mezani. Fomu ilikuwa imeondoka na mwenyewe.

"Jina la mzee," alisema Kinyozi. "Si uliliona?"

Na hapa, msomaji, nakuomba usimcheke, maana mimi nimeshamcheka kwa niaba yetu wote. Yule mwanamke aliyemrudisha mpaka mwenyekiti wa bodi nyumbani kwa sababu fomu yake haikuwa na tarehe, yule aliyewahi kumdai paka wa jikoni cheti cha chanjo, alikuwa ametia saini fomu tupu.

"Sikusoma," alinong'ona. "Nilikuwa nasoma yako."

Shangazi ndiye aliyeanza kukimbia.

Walitoka ofisini mbio, Shangazi mbele na mwiko, Kinyozi nyuma yake, Mama Fomu wa mwisho kwa sababu ya viatu vya visigino. Kwenye korido akavivua, akavitupa kimoja huku na kingine kule. Wazee waliokuwa sebuleni wakapiga makofi, wakidhani ni mazoezi ya viungo yaliyotangazwa Jumatatu.

"Bibi wa miwani!" Mama Fomu alikuwa anahema. "Angalieni bibi wa miwani!"

Chumba namba mbili. Bibi wa miwani alikuwepo, anafuma kitambaa, wala hana habari.

"Mmeniletea?" aliuliza.

"Bado, bibi, samahani!" Wakafunga mlango.

Namba tatu yupo. Namba nne wapo wote wawili, wanagombania redio. Kinyozi alipofika mbele ya namba tano alisita. Hana mkoba, hana wembe, na amepigwa marufuku. Mama Fomu akamsukuma mgongoni kwa kiganja.

"Ingia, mwanangu. Marufuku nitaiandika baadaye."

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Fimbo haipo. Koti halipo msumarini. Kinyozi alipiga magoti, akachungulia uvunguni, akabaki hapo hapo amepiga magoti.

"Sanduku lake la vifaa vya saa halipo," alisema.

"Mungu wangu!" Shangazi alijiegemeza ukutani. "Hati ya nyumba imo mle! Nyumba tunayolala! Tangu wifi yangu afariki kaka haiweki mahali pengine!"

Basi mbio mpaka getini. Mlinzi alikuwa amekaa kwenye kibanda chake, daftari la kutoka liko mapajani, kila mstari umejazwa vizuri kwa mwandiko wa kupendeza. Mtu mwaminifu yule, mimi simlaumu.

"Mzee Saa!" Mama Fomu alimwita akiwa bado mbali. "Ametoka?"

"Ametoka, mama. Dakika ishirini sasa. Yuko na Bwana Tabasamu, wamepanda gari. Fomu ninayo, ina saini yako." Akaionyesha. Jina la Mzee Saa lilikuwa limejazwa kwa wino tofauti.

"Ukamwacha tu? Mzee asiyetoka hata chumbani?"

"Na mimi nilishangaa, mama. Alikuja mbio. Viatu kavaa cha kulia kushoto. Nikamwuliza mzee wangu, haraka ya wapi? Akasema huyu bwana amemletea habari mbaya, polisi wamemshika Kinyozi, lazima yeye aende kwa wakili atie kidole ndipo wamwachie."

Kinyozi alikuwa amemshika mlinzi begani bila kujijua. "Alisema wamemshika nani?"

"Kinyozi. Wewe."

"Alisema vipi? Hebu sema kama alivyosema yeye."

Mlinzi aliwatazama mmoja mmoja, hajui amekosea wapi. "Alisema, wamemkamata mwanangu. Nikamwambia mzee, wewe si huwa unasema huna mtoto? Akanipiga fimbo ya mguu. Akasema ninaye mmoja, ananinyoa kila Jumamosi, sasa fungua geti."

Kinyozi akakaa chini, pale pale kwenye vumbi la getini, mtu mzima na ndevu zake. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, hata Shangazi hakujua ampe leso au kofi.

"Anajua," alikuwa anasema. "Shangazi, baba anajua."

"Simama utalia kwenye gari!" Mama Fomu alimvuta mkono, miguu peku. "Wakili gani? Mlinzi, alisema wakili gani?"

"Hakusema, mama."

"Mji huu una mawakili wangapi?"

"Barabara ya mahakama peke yake wako thelathini," alisema mlinzi.

Hapo ndipo simu ya Kinyozi ilipolia. Namba ngeni. Kidole gumba chake bado kina wino, kikateleza, akaipokea mara ya pili.

"Habari yako," ilisema sauti ya msichana. "Mimi ni karani wa wakili. Kuna mzee hapa ana kadi shingoni yenye namba hii. Amekataa kuweka kidole mpaka aongee na—"

Simu ikanyang'anywa, ikakwaruza, na Kinyozi akasikia pumzi anayoijua.

"Mwanangu? Wamekupa chakula huko?"

"Baba!" Ni miaka miwili hajalitamka neno hilo mbele yake. "Baba, sijakamatwa! Niko Makao, niko salama, usiweke—"

"Sema kwa nguvu, masikio haya yamezeeka. Usiogope. Wameshanipaka wino, sasa hivi unatoka."

Nyuma ya mzee kukasikika sauti nyingine, ya upole, yenye adabu zake zote.

"Umemsikia, baba yangu, yuko hai. Sasa lete mkono."